Gari la Pak Wardoyo Linakunywa Maji

Jumatatu, 7 Oktoba

Wenzangu wa mapambano, ninyi mliosimama juani mkakataa kurudi nyuma — Namhutubia nani? Daftari halipigi makofi. Lakini koo bado lina moto wa hotuba, na chumba hiki cha kupanga hakina msikilizaji mwingine.

Leo tulikuwa mbele ya mahakama kutetea soko la Kalibening lisivunjwe. Nilihutubu nikiwa juu ya paa la gari la mwenye nyumba wangu, Pak Wardoyo. Hapa Yogyakarta, maandamano ya wanafunzi bila gari la amri si maandamano: spika juu, jenereta ndani, msemaji kileleni. Gari letu linanizidi umri. Nilipofika katikati ya sentensi kuhusu haki, likafuka moshi mweupe, mzito, usioisha. Mtu akapaza sauti kwamba polisi wamefyatua gesi ya machozi. Umati ukatawanyika! Wengine walikwisha kujipaka dawa ya meno chini ya macho, kinga yetu ya kawaida dhidi ya gesi, ndipo wakagundua kuwa adui ni ekzosi.

Gilang, mwenyekiti wetu, alicheka hadi akakaa chini. Mvuke tu, akasema. Mvuke wa alfajiri ningeuelewa. Ilikuwa saa sita mchana, na injini ilikuwa ya moto.

Jioni nikamwomba Pak Wardoyo gari kwa ajili ya Jumatano.

"Nggih, Mas," akajibu, ameinamisha kichwa.

Ndiyo, kaka. Ndiyo yake haina masharti. Mzee huyu ni mwanamapinduzi asiyejijua.

Jumanne, 8 Oktoba

Asubuhi nimemkuta akimimina maji kwenye rejeta. Maji mengi. Nikachungulia uvunguni: sakafu kavu, hakuna hata tone. Sasa maji yanakwenda wapi?

"Lina kiu, Mas," akasema. "Ndio uzee. Hata mimi huamka na kiu."

Mkewe akadakia kutoka kitandani. Dirisha lake linatazama uani. Saratani imemla Bu Wardoyo uti wa mgongo, hawezi tena kuketi. Ulimi wake haujaugua. "Muulize Mas Jahan kama magari ya kwao Medan yanakunywa kahawa. Labda ndiyo maana wenyewe wanapiga kelele vile."

"Bu, sisi Wabatak wa Medan hatupigi kelele. Tunasema wazi."

"Basi semeni wazi polepole, kuna wagonjwa."

Akacheka. Kicheko kikamuumiza, akafumba macho. Pak akaacha ndoo na kukimbilia ndani.

Jumatano, 9 Oktoba

Naandika na mikono bado ina oili ya gari.

Mahakamani, Nining aliniita nyuma ya gari. Anasomea uhandisi wa mitambo, na hana subira na sisi watu wa sheria, ingawa huniita Bang, kaka. Alikinga leso nyeupe kwenye moshi. Ikalowa, haikuchafuka.

"Unaona, Bang? Oili ikiungua, moshi ni wa bluu. Petroli ikizidi, mweusi. Huu mweupe usiotaka kupotea ni maji. Yanapikwa ndani ya injini."

Akafungua mfuniko wa oili. Chini yake kulikuwa na utando kama kahawa ya maziwa.

"Gasketi ya silinda hedi, inayotenga maji na oili, imekwenda. Maji na oili vimeoana. Mnaliacha linaunguruma juani kutwa nzima, halitembei, halipati upepo. Nani aliwaambia ni zima?"

"Mwenyewe. Nilimwomba, akakubali."

"Alisemaje?"

"Nggih."

Alinitazama kama mtu aliyeingia kwenye mtihani usio wake. "Bang, nggih si ndiyo. Nggih ni nimekusikia, na ninakuheshimu. Mzee wa Kijava hakupi hapana usoni. Ukitaka kujua amekubali au la, sikiliza anachoongeza baada yake. Aliongeza nini?"

Hakuongeza kitu. Hajawahi kuongeza kitu.

Miaka yote hii nimejigamba kuwa sauti ya wasio na sauti. Na yule aliyekuwa akinijibu kila siku, sikumsikia!

Nilisema gari lizimwe. Nining akasema tulisukume. Lakini Gilang alikwisha kuliondoa kurudi nyumbani, mshale wa joto umelala kwenye nyekundu. Darajani injini ikanoki. Ikatoa mlio mmoja mfupi, ikanyamaza. Kutoka hapo tulilisukuma hadi nyumbani.

Pak Wardoyo alikuwa langoni. Alilitupia jicho gari lake, kisha akatutazama sisi.

"Mmechoka. Ingieni, chai ipo."

Tukanywa chai yake. Mungu wangu, tulikunywa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Fundi amekuja asubuhi. Hedi imepinda, pistoni zimeshika, injini haizunguki. Halitaondoka wiki hii, wala ijayo.

Baada ya fundi kuondoka, Bu Wardoyo aliniita. Sauti yake leo ni nyembamba, ilinibidi nipige magoti.

Kesho ni Ijumaa ya Kliwon, siku ya kuwapelekea wafu maua, nao huja kaburini kuyapokea; hurudi kila baada ya wiki tano. Binti yao, Laras, alifariki akiwa na miaka sita. Amezikwa Sawahan, ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Daktari amesema Kliwon nyingine Bu hataiona. Kwa hiyo Pak aling'oa viti vya nyuma vya gari akashona godoro jembamba, ili mkewe apelekwe amelala. Godoro lile nimekuwa nikilipita kila siku, limeegemezwa ukutani. Mahali pake tuliweka jenereta.

"Mbona hamkuniambia, Bu?"

"Tulikuambia, Nak, mwanangu. Bapak alisema nggih."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kushika.

Gari jingine la kumlaza sikupata; nikasema nitatafuta ambulensi. Akakataa. Ile, akasema, ikipita barabarani watoto hukimbia. Yeye anakwenda kumwona mwanawe, si kumtisha. Nikasema basi tulivute gari kwa kamba. Pak akatikisa kichwa: kamba ikistuka mara moja tu, uti wa mgongo hautastahimili. Labda lisukumwe kwa mikono, taratibu.

Saa tisa alasiri Gilang akaja. Hukumu ya soko inasomwa kesho asubuhi. Wauza mboga wote watakuwepo, na mimi ndiye msemaji. Alimweleza Pak kwa adabu, mikono kifuani: wenzetu wako tayari kulisukuma gari hadi Sawahan, ila iwe Jumamosi, kazi ya mahakamani ikiisha. Kwani tofauti ya siku moja ni nini?

Nilingoja nggih yake.

"Mboten," akasema Pak Wardoyo.

Hapana. Hata Gilang, Mjava wa kuzaliwa, alirudi hatua nyuma.

"Mboten, Mas," akarudia, machozi yakimshuka bila uso kubadilika. "Jumamosi Laras atakuwa hayupo."

Gilang akanigeukia. "Na wewe je? Akina mama wa sokoni niwaambie nini?"

Waambie ukweli, nikasema. Waambie msemaji wao ana mahali pa kunyamaza.

Akaondoka bila kuaga. Sijui atawashika wangapi upande wake. Kulisukuma gari zima njia yote ile, taratibu, bila kuligonga shimo hata moja, kunahitaji watu. Nining anakuja. Wengine bado hawajajibu.

Kupitia ukutani namsikia Bu akihema. Pumzi inakuja, inakawia, inakuja. Pak anamwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, anamwimbia kitu cha watoto.

Hili ndilo tangazo nililowatumia wenzangu sasa hivi:

Wenzangu. Kesho Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, langoni kwa Pak Wardoyo. Msije na bendera. Msije na spika. Vaeni viatu visivyoteleza.