Wageni wa Kampuni ya Meli

4 Machi

Mume wangu,

Hujambo huko? Mgongo umetulia, au bado unaamka umejikunja kama mundu? Mimi mzima wa mwili. Ya moyoni unayajua. Ningekupigia simu, lakini simu na masikio yako haviivani, tungeishia kupiga kelele hoteli nzima isikie.

Tumefika salama, familia kumi na tisa, kila familia mtu mmoja. Kampuni ya meli imetuweka kwenye hoteli ya kifahari, jengo la zaidi ya miaka mia. Lilikaa gofu muda mrefu, sasa wamelikarabati, wanasema wamelirudisha lilivyokuwa tangu mwanzo. Ngazi za marumaru, lifti yenye geti la shaba linalofungwa kwa mkono, kitanda kipana mpaka ukijigeuza unapotea. Nalala kwenye kochi.

Bwana wa kampuni anasema meli ilinyamaza ghafla na ndege bado zinaitafuta. Wamenichukua mate kwa kijiti, ili wakipata mtu wajue kama ni mwanetu Ngongoti. Wanataka na kadi yake ya kliniki, na habari za meno. Lile la mbele lililokatika lilikuwa la kulia au la kushoto? Nimesahau. Mama mzima, nimesahau jino la mwanangu.

Mkeo

13 Machi

Mke wangu,

Salamu zako zimenikuta nimesimama wima, kwa hiyo mgongo usikutie wasiwasi. Wewe unakula?

Jino ni la kushoto. Alilivunja kwenye meza yangu ya useremala akiwa na miaka tisa. Siku hiyo ulikuwa kwa dada yako, basi usijilaumu. Kadi nimeitia humu.

Nyumba haikauki watu. Kila anayeingia anatazama viatu vyake, hajui aseme pole au anyamaze. Mdogo wangu amehamia hapa na ameshika jiko. Wali wake unaweza kuziba ufa wa ukuta.

Lala kitandani, tafadhali. Mimi nitajisifu kwa nani kwamba mke wangu amelalia shuka za matajiri, kama mwenyewe unalala kwenye kochi?

Mumeo

2 Aprili

Mume wangu,

Nisamehe kwa kimya. U hali gani? Mimi najikokota tu.

Wamepata boti moja ya kujiokolea na watu sita, wote maiti. Walituita mmoja mmoja kwenye chumba cha kusomea magazeti, chenye viti vya ngozi na saa ya ukutani kubwa kama kabati. Mama wa mpishi wa meli alipotoka alipiga magoti, akashukuru kwamba amepata wa kumzika. Nikamwonea wivu. Nimefika mahali pa kumwonea wivu mtu aliyepewa maiti. Wetu hayumo.

Juzi msako umesimamishwa. Wenzangu wamefungasha, nimebaki peke yangu. Nimeomba kampuni inivumilie mpaka tarehe ishirini na nne. Jana ukumbi wa chini ulikuwa na harusi. Bibi harusi alinikanyaga kwenye lifti, akasema, "Samahani mama, na wewe umealikwa kwetu?" Nikamjibu ndiyo. Sijui kwa nini.

Asubuhi kuna dada anayewatembeza wageni kuwaonyesha jengo. Anawaambia, "Hakuna kilichopotea. Kila kigae tumekirudisha mahali pake." Nilijificha nyuma ya pazia mpaka wapite.

Mkeo

10 Aprili

Mke wangu,

Pole. Neno lenyewe limechakaa mdomoni mwangu, lakini sina lingine.

Ndugu wamekaa kikao. Wanataka tumlilie Ngongoti Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, hata bila mwili. Nikawaambia hakuna kitu mpaka mama yake arudi. Mdogo wangu akanijia juu: "Kaka, mpaka lini?" Nikakubali tarehe.

Rudi, mke wangu. Nimejaribu kulia peke yangu nyuma ya karakana, kinatoka kikohozi tu. Bila wewe sijui hata kulia.

Mumeo

19 Aprili

Mume wangu,

Natumaini uko salama. Nimekaa na barua yako siku tatu.

Usinisubiri Jumamosi. Likizo ile ya mwisho, siku moja kabla ya kuondoka, Ngongoti alinifuata jikoni. Akasema, "Mama, ile meli sirudi. Chumba cha injini kinaingiza maji. Tunapiga pampu kutwa, na nahodha anatuambia tufunge midomo." Nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua hata uso. Nikamwambia, "Kazi gani haina adha? Mwanaume mzima unaogopa maji? Nenda, usitutie aibu." Akacheka, akachukua ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni, akaiweka ndani.

Mimi ndiye niliyempandisha meli ile. Nitakaaje mkekani watu wanishike mkono wanipe pole? Ijumaa natoka hapa. Ninakokwenda sikujui. Huko kwako siwezi, na si kwa sababu umenikosea.

Mkeo

28 Aprili

Mke wangu,

Barua yako nimeipata leo. Jumamosi imeshapita. Tulikaa tukikutazamia, kila mlango ulipolia nikainuka. Nimewauliza dada zako wote, hujafika kwa yeyote. Naandika hotelini kwa kuwa sina anuani nyingine.

Nisikilize. Jioni ile ile alikuja karakana. Akanieleza yale yale ya maji na pampu. Nilikuwa napiga randa mlango wa mteja, sikusimama. Nikamwambia, "Kamwulize mama yako." Akasema, "Nimeshamwuliza." Nikamwambia, "Basi umeshajibiwa." Akapita pale kwenye maranda, akaenda zake.

Kila nilipokuandikia nilikaribia kulisema hili, nikaogopa utanichukia, nikakimbilia kukusimulia wali wa mdogo wangu. Hukumpandisha peke yako. Popote ulipo niambie, nitakuja mwenyewe kukuchukua.

Mumeo

6 Mei

Mzee wangu,

Shikamoo, na pole kwa yaliyowafika. Mimi ni mhudumu wa mapokezi hapa hotelini. Barua yako kwa Mama imefika jana. Yeye aliondoka Ijumaa ya tarehe ishirini na nne, asubuhi. Nilimwuliza nimwitie teksi ya kwenda wapi, akasema atatembea. Hakuacha anuani wala namba. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, watu wakawa wengi, nikampoteza.

Bahasha hatukuifungua. Nimeiambatanisha na hii.

Binti yako wa mapokezi