Tambara Ndani ya Injini

Alhamisi, Bagamoyo, 1972

Nimechukizwa sana leo.

Lori letu limetuzimikia Kerege, safari ya kwanza tangu injini ifumuliwe na kufungwa upya. Taa ya oili iliwaka, kisha injini ikaanza kugonga. Nikalala chini yake, nikafungua bakuli la oili lililo chini ya injini. Ndani mlikuwa na tambara, limenyonywa likaziba chujio la pampu.

Mshamu, mume wa dada yangu, ndiye aliyeifunga injini ile gerejini kwangu. Tulikuwa naye safarini, nikamwonyesha. Akacheka.

“Tambara tu hilo, shemeji.”

Beringi zote zimekwisha kwa kukosa oili. Kranki mpya, mhimili mkuu wa injini, imechubuka.

Nikamwambia aache funguo za gereji. Akaziweka juu ya tairi.

Kesho dada atakuja kuniuliza. Na aulize, funguo sirudishi.