Mkono Wangu na Sungura wa Zawadi

Rahaleo,
Mtwara.
11 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Riziki,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, na kile kifua kilichokuwa kinakubana kwa baridi ya ziwa kimeachia. Vipi masomo ya uuguzi? Sisi huku ni wazima, alhamdulillah. Shemeji yako Mustafa yuko Msimbati anaokota korosho. Mwaka huu mikorosho ya marehemu baba imezaa vizuri. Joto limekuwa kali mpaka kuta zinachoma.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Kwenye simu nilikudanganya, na ningekupigia tena ningekudanganya tena. Zawadi hakuanguka barazani. Mkono wa mwanao nimeuvunja mimi.

Kaa chini usome mpaka mwisho, kisha nitukane utakavyo.

Yule sungura Zawadi alipewa na jirani yetu Andrea, anayefanya kazi bandarini. Mwanao akamwita Bwana Afya, kwa jinsi anavyozunguka kila kona akinusanusa kama mkaguzi wa vyoo. Lakini Bwana Afya huyo alikuwa anajisaidia kila alikopita: chini ya meza, ndani ya viatu vya Mustafa, juu ya makopa ya muhogo niliyoanika. Unanijua nilivyo mbele ya uchafu. Siku ya kwanza nilimtupia kandambili. Ya pili nilimkamata masikio, nikamsugua pua kwenye mavi yake, halafu nikampiga na ufagio mpaka njiti zikakatika. Kila tone nililifuta kwa maji na sabuni mara tatu, maana hii ni nyumba ya kuswalia. Kadiri nilivyompiga na kusugua, ndivyo alivyozidi kukojoa. Nikaona ananifanyia makusudi. Mtu mzima wa miaka arobaini na nane, nilikuwa na kisasi na sungura.

Ijumaa ile ya tarehe ishirini na tano mwezi uliopita, nikitoka kutawadha, nilimkuta amekaa katikati ya mswala wa marehemu mama. Umelowa. Nikachukua mwiko wa ugali, ule mkubwa wa shughuli. Pigo la kwanza lilimpata mgongoni, akapiga ukelele. Sikujua sungura ana sauti, na ni sauti kama ya mtoto mchanga. La pili nililishusha kwa nguvu zangu zote. Zawadi alikuwa ameshajitupa juu yake. Nilisikia mfupa. Na lililo baya zaidi nakuambia pia: mkono wangu ulipanda mara ya tatu, huku macho yangu yanaona kabisa kwamba aliye pale chini ni mtoto.

Aliyenizuia ni Jesca, mke wa Andrea. Aliingia kwa mlango wa uani bila hodi, akanikaba kwa nyuma, tukaangukia masufuria. Nilimng'ata mkono mpaka damu ikatoka, naye akanibamiza kichwa sakafuni mara mbili. Jino langu moja la mbele lilibaki pale. Simlaumu.

Hospitali nilisema ameanguka, na mtoto akamwambia daktari hivyo hivyo. Jioni ulipopiga simu nilimpa azungumze nawe. Akasema, "Nilianguka, mama." Wallahi sikumfundisha. Alisema mwenyewe, akiniangalia usoni.

Amefungwa hogo jeupe la plasta toka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Daktari amesema wiki sita, na mfupa utaunga sawasawa.

Jesca angeweza kunipeleka ofisi ya mtaa. Badala yake alikuja kesho yake, bandeji mkononi, akanikalisha chini. Kwao Makete walifuga sungura tangu yeye ni mdogo. Akaniambia, "Mama Shafii, huyu hajui kosa lake. Anajua mkono wako tu." Kumbe sungura akiogopa hukojoa hovyo, na kwa kufuta kila harufu nilikuwa nampotezea choo chake. Basi tukachukua karai bovu, tukatia maranda ya seremala wa Chikongola, tukaliweka kwenye kona aliyoipenda mwenyewe, nyuma ya gunia la mkaa. Juu tukaacha mavi yake machache na kitambaa chenye mkojo wake, apajue kuwa ni kwake. Pembeni tukaweka majani, maana hujisaidia huku anakula. Tukamzungushia mbao asiende mbali, na kila siku tukamwongezea nafasi kidogo. Akikosea, unakiokota kinyesi unakirudisha karaini, unanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo nilipopata taabu. Mara mbili nilitoka nje nikaupiga ngumi mgomba.

Siku ya kumi na mbili Bwana Afya alitoka sebuleni mbio, akaenda karaini mwenyewe. Zawadi akacheka, nami nikadhani yamekwisha.

Juzi nilinyanyua mkono kuvuta kanga kwenye kamba. Sungura alinitazama, akaendelea kutafuna. Mwanao alikuwa ameshajifunika kichwa kwa lile hogo, na sketi yake imelowa. Nilimsafisha, nikanyamaza.

Tulizoea kucheka, mimi na wewe, tukihadithiana mikwaju ya mama. Siku hizi sicheki.

Mustafa ananiambia nisubiri umalize mitihani yako ya Desemba ndipo nikueleze. Nimekataa. Sitaki mtoto wa miaka saba aendelee kunitunzia siri. Leo asubuhi nimemhamishia kwa Jesca, yeye na sungura na karai lao, mpaka utakapofika. Barua hii anakuletea Andrea, anasafiri kesho. Muulize chochote, hatakuficha.

Mustafa anakusalimia sana, na Shafii wangu aliyeko Masasi anamsalimia mama yake mdogo. Jesca naye anakusalimia ingawa hamjaonana. Mwenyezi Mungu akutie nguvu, na auponye moyo wa mwanao, maana mkono daktari ameushughulikia.

Njoo, Riziki. Ukija na hasira zako nipige, sitauzuia mkono wako. Ila nakuomba sana, usinipige mbele ya Zawadi.

Dada yako akupendaye, hata kama leo hutaamini,

Salma