Mkono Kwenye Mwiko

Dada yangu mpendwa,

Joto limezidi, biringanya na nyanya zimejaa sokoni, na mimi sasa ni mpishi. Cheka tu!

Ila usiniandikie tena habari ya kumpeleka Mama kwenye nyumba ya wazee. Daktari kasema mkono wa kulia umekwisha, nawe ukakubali upesi. Mimi nilikataa, na bado nakataa.

Jana nilimketisha karibu na jiko. Nilikaanga vitunguu, nikatia biringanya na nyanya, nikawa nakoroga huku nabishana na redio. Nilikoroga kwa hasira mpaka mboga zikaanza kuwa uji. Mama, ambaye tangu apooze hajashika hata kijiko, akaguna. Kisha mkono ule ule ukainuka mapajani, ukitetemeka, ukaninyang'anya mwiko.

"We baba, unapika au unapigana?"

"Mama, mkono!"

"Mkono gani? Punguza moto, ufunike."

Hakuuachia mwiko mpaka mboga zikaiva, na zilikuwa tamu ajabu.

Leo napika bamia, na nimekusudia kuzivuruga vibaya sana.

Ni mimi kaka yako, mbishi wa nyumba hii.