Video Iliyokwamakwama

Ijumaa, saa kumi jioni. Upepo umeinua vumbi tangu asubuhi, mabati yanalia kwa joto, na mimi sina nguvu hata ya kufagia.

Sikuchukuliwa.

Wacha niandike polepole ndio nijielewe. Kuna kikundi cha Nairobi kinachotengeneza video za magemu kwa Kiswahili, mtu anacheza huku anasimulia. Walikuwa wanatafuta mwanamke wa kusimulia gemu la malori. Kazi ya nyumbani. Ningeifanya hapa hapa, Talaso akiwa kando yangu, miezi minane tu huyu na bado ananyonya. Sasa nimeikosa, na Jumatatu naanza kuosha vyombo katika hoteli ya karibu na stendi, asubuhi mpaka jioni, na yeye anabaki na nyanya yake na maziwa ya chupa.

Waliomba video moja ya nusu saa. Sauti safi, picha laini. Mimi niliacha shule kidato cha pili, kwa hivyo hayo mambo ya fremu nilijifunza kwa kuuliza uliza. Fremu ni picha moja moja. Kompyuta inazipanga haraka, nyingi kwa kila sekunde, mpaka jicho linadhani lori linatembea. Zikichelewa, lori linaruka. Na kompyuta yangu, ile laptop kuukuu aliyoniachia dada yangu, inabidi icheze gemu na irekodi kwa wakati mmoja.

Nilifanya yote niliyoambiwa. Nikazima vivuli vya miti. Nikapunguza ukubwa wa picha. Nikateremsha fremu kutoka sitini hadi thelathini, kwenye gemu na kwenye programu ya kurekodi, zilingane. Dakika kumi za kwanza lori lilikuwa linateleza kama liko kwenye lami ya Moyale. Kisha linaanza kushtuka. Kila siku hivyo hivyo, dakika kumi nzuri, halafu balaa.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Sericho kunisaidia na mtoto, alikuwa anachungulia begani mwangu.

"Hii lori yako inaruka kama mbuzi imeona nyoka," akasema. "Dereva amekula miraa ngapi?"

Nilicheka siku hiyo. Jumanne sikucheka.

Kuna jambo sipendi kuliandika. Jumanne, Talaso aliamka katikati ya kurekodi, akalia, na wakati uleule picha ikakwama. Nikaona ni yeye ameniharibia. Nikamfokea. Mtoto wa miezi minane. Alinyamaza ghafla, akaniangalia, midomo inatetemeka, hajui kama alie au asilie. Mama mkwe akamchukua, akatoka naye nje.

Bado naiona ile midomo.

Jumatano nikatuma ile iliyokuwa afadhali. Leo asubuhi yule dada wa Nairobi anayesimamia kazi akanijibu kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniuma. "Mama Talaso, sauti yako tumeipenda, nisikudanganye. Lakini picha inakwamakwama, na watu wakiona hivyo wanahama. Tumeshachukua mwingine. Pole sana."

Nikaisikiliza mara tatu, labda nimesikia vibaya.

Baada ya chakula cha mchana nikaibeba kompyuta hadi kwa Kinya, dada wa Kimeru anayetengeneza simu na kompyuta sokoni. Sijui nilitaka nini. Labda aniambie ni mbovu kabisa, nijue si kosa langu. Akalegeza skrubu, akainua kifuniko, akaguna. Kisha akavuta kwa kibano donge la nyuzi za waridi, limeshikana na vumbi kama kiota.

"Ai, Mama Talaso! Unaishonea sweta?"

Zile nyuzi nilizijua. Ni za shali ya mtoto.

Mimi hurekodi mchana, Talaso akiwa amelala. Kompyuta ikichemka feni inavuma, na ule mvumo ulikuwa unamwamsha na kuingia kwenye maikrofoni. Basi nikawa naiweka juu ya godoro na kuizungushia shali, kama ninavyomfunika yeye. Nikajiona nina akili. Nikamwambia Kinya, nilikuwa nainyamazisha tu.

"Haikuwa inapiga kelele, dadangu. Ilikuwa inatafuta hewa," akasema. "Ikikosa hewa inachemka, na ikichemka inajipunguza mwendo isiungue. Fremu zako zimeishia hapo."

Akaisafisha, akaiwasha mezani kwake, akanipa gemu nicheze huku inarekodi. Dakika ishirini na zaidi. Lori halikushtuka hata mara moja.

Nililia pale dukani, mbele ya wateja.

Kama ingekuwa mbovu ningevumilia. Lakini ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeiziba pumzi kwa mikono yangu, ili mtoto alale, halafu nikamfokea mtoto.

Niliporudi Talaso alininyooshea mikono yote miwili, kama kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Sasa ananyonya, naandika kwa mkono mmoja. Mama mkwe amechemsha chupa na kuzianika kwenye sinia. Ameelewa.

Jumatatu nitaenda hotelini, hilo halina njia. Lakini Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, hewa ikiwa bado baridi, nitaiweka kompyuta mezani, niinue pembe zake kwa vizibo vinne vya soda, nirekodi nusu saa nzima bila kuifunika. Mtoto akiamka, alie. Asikike humo ndani pamoja nami.

Hakuna aliyeniomba hiyo video. Nitamtumia yule dada wa Nairobi hata hivyo.