Kanda Sita za Mama na Spika ya Jirani

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Mtambo umesimama! Wiki tatu za kuchokonoa waya, na leo nyumba yangu ya chumba na sebule hapa Kware ina muziki wa maana. Kompyuta ndogo ya mtumba imekaa nyuma ya runinga, ndani yake nyimbo elfu nne na ushei. Zisizokuwamo zinatoka mtandaoni. Nabonyeza simu, spika inaitika. Naweza kubadilisha wimbo nikiwa bafuni. Nimefanya hivyo mara tatu bila sababu.

Waifai ni yangu na jirani yangu Musyoka, dereva wa lori, na mkewe Mbithe. Ukuta mmoja, ruta moja. Spika yao pia niliiunganisha mimi, mwaka jana. Fundi wa orofa ya nne, bila mshahara.

Jumapili, 2 Novemba

Nimeshinda Majengo kwa Mama. Dada yangu Khawla anaolewa tarehe 29. Kabla yake kuna siku ya hina, ile ya wanawake peke yao, bibi arusi anaimbiwa mafunzo ya ndoa. Mama anataka aitwe DJ wa kike. DJ! Na kikundi chake cha kuimba zamani kilikuwa kikialikwa harusini mpaka Machakos. Khawla amenililia kwenye simu, anataka nyimbo za nyumbani, na anataka Mama aimbe. Mama hataki kusikia. Sauti imekwisha, wenzake wamebaki wawili, mmoja hasikii. Tena yeye alikuwa akiitikia tu, si mwimbaji.

Nilipokuwa navaa viatu akaniita. Akatoa foronya kabatini. Ndani, kanda sita za kaseti za nyimbo za kikundi chao, za mwaka 1987, kila moja imeandikwa kwa mkono wake: WANAWAKE TU. Nizitie kwenye mtambo wangu, Khawla apate angalau kuzicheza siku yake. Fundi wa mjini hamwamini, atanakili, kesho tuzisikie kinyozini. Sharti ni moja. Nisisikilize. Hakuna mwanamume aliyewahi kuzisikia, hata Baba, Mungu amrehemu.

Nikauliza nitarekodije kitu nisichokisikia.

"Wewe si ndiye mtaalamu?"

Nimeapa.

Jumanne, 4 Novemba

Gachanja wa ofisini ameniazima deki ya kaseti ya marehemu mjomba wake. Nimesafisha kichwa cha deki, kile kinachosoma kanda, kwa spiriti na pamba. Waya kutoka deki hadi laptopu, sauti nimezima kabisa, naangalia mistari ya kijani ya sauti ikipanda na kushuka kwenye skrini. Ikigusa nyekundu napunguza. Kaseti haina haraka — dakika tisini ni dakika tisini. Nimekaa kama kiziwi harusini.

Alhamisi, 6 Novemba

Kanda ya tatu imekatika. Nimeiunga kwa selotepu, roho mkononi.

Kanda ya nne ina kitu. Mstari mmoja mwembamba unapanda peke yake, kisha donge kubwa linafuata. Mtu anaongoza, wengi wanaitikia. Hilo nimeliona kwa macho, sikuvunja kiapo. Ila natamani kujua ni nani. Natamani sana.

Jumapili, 9 Novemba

Sina pa kuficha sura.

Kanda zote sita zimeingia. Leo mchana nikataka kuhakikisha kwamba zinacheza. Kuhakikisha tu. Nikashusha spika zangu mbili, ya sebuleni na ya chumbani, hadi sifuri. Nikachagua kanda ya nne, nikabonyeza "spika zote za nyumba". Alama ya wimbo kwenye simu ikatembea vizuri. Nikakaa kimya na mtambo wangu kimya, mtu mwaminifu, namenya chungwa.

Kwa Musyoka kulikuwa na jumuia, watu wa kanisa wamekuja kusali. Wakaanza kuimba. Mwanamke mmoja, sauti nzito kidogo, inapanda bila kujikaza. Polepole, yenye dua mwanzoni. Nikasema moyoni leo jumuia imepata mwimbaji. Nikasogeza kiti ukutani. Chungwa nimelisahau.

Ubeti wa tatu ukafika kitandani. Bibi arusi anaambiwa asijifanye amelala, na kwamba godoro jipya lina kelele zake, asishtuke. Jumuia gani hii? Hapo mwimbaji akashindwa, akacheka. Kicheko kinachoanzia puani, halafu kikohozi kidogo. Nakijua tangu tumboni.

Mama.

Kumbe kwa ule mtambo, nyumba ni kila spika iliyo kwenye waifai. Ya Musyoka ni ya tatu. Ndiyo ile niliyoiunganisha mimi.

Simu ilikuwa mkononi. Nasema hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: sikuzima. Nilingoja amalize kucheka arudi kwenye wimbo. Akarudi, juu zaidi. Haitikii mtu huyu. Yeye ndiye anayeitikiwa! Ndipo nikazima.

Kule ng'ambo kimya. Kisha makofi.

Musyoka akaja mlangoni. "Bro, hiyo kitu imetoka kwako, ama spika yangu ndiyo imechizi?" Kavata, mwenyekiti wao, bibi wa miaka sabini, alidhani ni sala ikianza. Alisimama, na wote wakasimama naye. Habari za godoro walizisikiliza wakiwa wima, mikono imefumbatwa. Wanaume watano. Nimehesabu viatu mlangoni.

Jumatatu, 10 Novemba

Mbithe kanikamata kwenye ngazi. "Sasa Ubaid. Ule wimbo uliisha aje? Ulizima kabla hajafika kwa bwana harusi." Na huyo mama ni nani, ana sauti, woi.

Nikasema simjui. Nimemkana mama yangu mzazi nikiwa na ndoo ya maji mkononi.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama amekuja kuchukua kanda zake. Orofa nne kwa miguu, bila hata kunipigia simu. Nilikuwa nafungua mlango niliposikia Mbithe kwenye ngazi: "Karibu Mama Ubaid. Nyinyi watu wa Majengo mnazijua hizi nyimbo. Kuna mama aliimba kwa spika yetu Jumapili, jumuia nzima ikasimama. Mpaka leo Kavata anauliza ni nani."

Nikakishika kitasa, nikangoja mauti yangu.

Mama akauliza, "Aliimbaje?"

"Kama mtu hataki kushuka."

Akaingia. Akavua viatu. Nikamwambia kila kitu: spika zote, jumuia, jozi tano za viatu vya wanaume. Kila kitu ila ile habari ya kutozima. Hakunigombeza. Akazipanga kanda mapajani, ya kwanza hadi ya sita. Kisha, bila kuniangalia:

"Na wewe? Sauti uliionaje?"

Nikisema ilikuwa nzuri, nimekiri. Nikisema sikuisikia, nimemnyima kitu ambacho nadhani amekingoja tangu 1987. Nikasema nachemsha chai.

Naandika jikoni, daftari juu ya mtungi wa gesi. Kati yetu pazia tu.

Ameanza. Chini kwa chini, kama anayetafuta kitu kabatini. Ule wa kanda ya nne. Amekwama pale panapopanda. Amekohoa. Amerudi mwanzo wa ubeti. Sasa — amepapita! Sauti imekwaruza lakini imepita.

Nina furaha na aibu, sijui nishike ipi. Nikitoka atanyamaza, na siku ya hina ataletwa DJ. Nikibaki namsikiliza, na niliapa.

Chai imechemka. Majani nimetia, maziwa nimetia, sukari nimetia. Mama anaingia ubeti wa tatu.

Nimeongeza maji kwenye sufuria.