Jina Tusilolisoma

Dada Lorraine,

Huko Adelaide baridi imepungua? Huku kwetu ni vumbi tu, na mama bado anadokoa mkia wa kangaruu kabla haujaiva.

Jumanne mkaguzi alikuja kuniangalia nikifundisha fasihi ya Kiingereza. Shanelle alisoma riwaya vizuri, ila kila alipofika kwenye jina la shujaa alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Wenzake wakafanya vilevile.

"Mwalimu, hawa hawajui kusoma," mkaguzi akasema.

Shanelle akamnong'oneza jirani yake, "Kwani huyu babu, kwao majina ya marehemu yanatajwa ovyo?"

"Basi wasomee wewe," mkaguzi akaniambia.

Nikasoma. Nilipolifikia jina lile, nami nikanyamaza.

Kesho nakabidhi darasa kwa mwalimu mwingine. Mkaguzi kaandika kwenye ripoti yake kwamba hata mimi Kiingereza kinanishinda.

Uliniuliza kama watu wameshamsahau mwanetu tangu gari lile lilipopinduka. Shujaa wa riwaya ni wajina wake, dada. Darasa zima linanyamaza, hata watoto ambao hawakuwahi kumwona.

Mdogo wako,
Noreen